Mjomba, jua halitoshi!

Wiki hii stori za wapenzi kugombana tuziweke kando, maana mwenzio nimepewa somo kwetu Bigwa, hapa chini ya milima ya Uluguru, na mwalimu mwenyewe alikuwa na umri wa siku tano.

Dada'angu alijifungua mtoto wa kiume masika, zile siku ambazo wingu linakaa juu ya mlima asubuhi hadi jioni. Siku ya tatu bibi akamsogeza mtoto mlangoni kwenye mwanga, akambonyeza pua kwa kidole, akakiachia. "Huyu mbona wa njano?" Jirani akadakia kwamba ni homa ya manjano. Wapi! Homa ya manjano inaletwa na mbu. Haya ya vichanga ni manjano tu.

Sasa kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuja kula na kuondoka, ana sauti kwa watoto wa dada yake. Nikaulizwa. Na mimi na Form Four yangu nikavimba kichwa: "Mtoeni nje asubuhi apate vitamini D, manjano yataisha." Shemeji akatikisa kichwa kama anamsikiliza daktari bingwa.

Jua lenyewe liko wapi? Tunamtoa, wingu linafunga, tunamrudisha. Siku ya tano mtoto akawa analala tu. Akipewa ziwa ananyonya mara mbili anaachia. Bibi akafunua nyayo, nazo njano. "Hilo jua mtaliota wenyewe," akasema, "mpelekeni hospitali." Bodaboda hiyoo!

Nesi akauliza nani kasema jua. Nikaangalia feni.

Ndipo nikaelezwa. Chembe nyekundu za damu zikivunjika zinaacha uchafu wa njano unaoitwa bilirubini. Ini la mtu mzima linausafisha, la kichanga bado changa, ndiyo maana watoto wengi wanakuwa wa njano kidogo siku ya pili au ya tatu na kupona wenyewe. Noma ni ikizidi: inaingia kwenye ubongo, mtoto anaweza kubaki kiziwi, akapooza au akafa. Mtoto akiwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza, au njano ikifika viganjani na nyayoni, au akiacha kunyonya, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mambo ya jua hayakutoka hewani. Mwaka 1956, kule Rochford, Uingereza, nesi Jean Ward alikuwa akiwatoa vichanga bustanini. Mmoja akarudi ngozi imepauka, isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka, hiyo ikabaki njano. Mwaka 1958 daktari Cremer na wenzake wakatangaza matibabu ya taa. Kinachofanya kazi ni mwanga wa bluu, unaigeuza bilirubini ili itoke kwa mkojo na choo. Jua la Bigwa linao pia, ila nani atalipima? Likizidi linamuunguza mtoto, na wakati wa masika halipo kabisa.

Na vitamini D yangu je? Hiyo inatengenezwa na mionzi mingine ya jua, wala si ule mwanga wa bluu. Mtoto anaihitaji kweli, maana maziwa ya mama yana kidogo, na ikipungua sana mifupa inalegea, anapata matege. Wapo wataalamu waliokuta vichanga wenye manjano wana vitamini D pungufu, lakini hilo halijaifanya kuwa dawa ya manjano. Mimi nilichanganya mafaili mawili.

Jingine lililonishtua ni vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende kwenye sanduku la nguo. Kuna watoto, hasa kwenye maeneo ya malaria kama yetu, wamezaliwa na upungufu unaoitwa G6PD. Wakivishwa nguo zenye harufu ile, damu inavunjika kwa kasi. Dada'angu alikuwa amevitia kwenye khanga zote za mtoto! Tumezifua upya.

Mjomba wake mdogo alikaa chini ya taa siku mbili, amezibwa macho kwa kitambaa, anatolewa kunyonya tu. Sasa ananyonya hadi anapaliwa. Na shemeji akitaka ushauri siku hizi, ananipita sebuleni anakwenda kumuuliza bibi.