Afande Akirudi Nyumbani: Kiinua Mgongo Si Mshahara

Siku kiinua mgongo cha mwanajeshi kinapoingia, kijiji kizima hujua kabla mwenyewe hajamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Binamu ana ploti ya kuuza Rongo. Rafiki wa zamani ana matatu ambayo eti "haijatembea sana". Jirani anaomba karo, atarudisha mwezi ujao. Akiba ya miaka 20 ya kazi inaweza kuisha kabla ya misimu miwili ya mvua.

Leo tunaongea na afande ambaye hataki matatu wala ploti. Anataka kufungua biashara ndogo ya teknolojia Migori mjini, Awendo ama Isebania: saiba, duka la kutengeneza simu, au kazi ya kufunga kamera za usalama. Wazo hilo tunaliunga mkono. Wanajeshi wengi hutoka kazini wakiwa bado na nguvu, na wengine wamefanya kazi ya mawasiliano, umeme au umekanika kwa miaka. Ujuzi upo. Kwa maoni yetu, kinachohatarisha duka kama hilo zaidi ni pesa za nyumbani na pesa za duka kukaa kwenye mfuko mmoja.

Jambo hili si geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakenya zaidi ya 90,000 walihudumu jeshini. Wengine walijifunza udereva, ufundi wa magari, ukarani na kazi ya redio. Baada ya 1945 walirudi na akiba zao, wakafungua maduka, hoteli na vinu vya kusaga, na wengine wakanunua malori. Biashara nyingi hazikudumu. Mkoloni aliwabana kwa leseni na mikopo, hilo ni kweli. Lakini pia wengi walifungua duka lile lile sokoni pale pale, na wakaweka pesa zote kwa mpigo mmoja. Huku Nyanza, mwaka 1947, Oginga Odinga na wenzake walichukua njia nyingine. Walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, wakachanga mtaji kwa hisa, na kampuni ikaendesha mtambo wa uchapishaji wa Ramogi Press. Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia ya siku hizo. Pesa zilikuwa za kampuni, si za mfuko wa mtu mmoja.

Turudi kwa afande wetu. Kabla ya kununua kompyuta hata moja, apige hesabu ya mwezi. Kwa mfano tu, tuseme kodi ni shilingi 8,000, intaneti 4,000, stima 2,000 na kijana wa kumsaidia 10,000. Jumla ni 24,000. Kama faida kwa kila mteja ni shilingi 100, anahitaji wateja 240 kwa mwezi, yaani 10 kila siku akifungua siku 24. Na hapo yeye mwenyewe bado hajalipwa.

Juni atajaa, maana ritani za KRA hufungwa tarehe 30 mwezi huo. Je, Agosti? Ndiyo maana tunashauri aweke kando gharama za miezi sita, kwa mfano wetu shilingi 144,000, kabla ya kupaka duka rangi. Kiinua mgongo huja mara moja. Pensheni ya kila mwezi ni ya unga na karo, duka lisiizoee.

Pili, duka liwe na till yake kuanzia siku ya kwanza. Usipokee pesa za wateja kwa laini yako binafsi, wala kwa laini ya mama watoto. Zikiingia kwa laini yako zitalipa bodaboda, zitatoa mchango wa matanga, na mwisho wa mwezi hutajua kama duka lilipata faida ama ni pensheni iliyolibeba. Jilipe mshahara kutoka kwa duka siku moja kwa mwezi, hata kama ni 5,000 tu. Mtu wa nyumbani akiomba pesa, mpe kutoka kwa huo mshahara. Rekodi ya till pia itakusaidia siku ukitaka mkopo wa kuongeza mashine, kwa sababu inaonyesha biashara inaingiza nini.

Tatu, ulinzi. Hapa afande hatuna la kumfundisha, tunamkumbusha tu. Getini hukumruhusu mtu kupita kwa sababu alivaa vizuri na kuongea kwa ujasiri. Ulitaka kitambulisho. Basi fanya vivyo hivyo kwa simu. Mteja akikuonyesha ujumbe kwamba amelipa, angalia salio lako kwanza ndipo umpe simu yake. Mtu akikupigia akisema faili yako ya pensheni imekwama na inahitaji "ada kidogo" ifunguliwe, kata simu, uende mwenyewe ofisini ukaulize. Na PIN yako haiulizwi na mtu yeyote, hata sisi. Matapeli hupenda sana mtu aliyelipwa juzi.

Siri ya wateja pia ni ulinzi. Saiba hubaki na nakala za vitambulisho na nywila za eCitizen za watu wengi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uzitunze. Futa nakala kazi ikiisha, na usiandike nywila ya mteja kwenye daftari la kaunta. Mtu akijua mambo yake hayatoki kwako, atarudi na atamleta jirani.

Nasi wateja tuna sehemu yetu. Tusiende dukani kwa afande tukisema "si ulilipwa mamilioni, nifanyie bure." Kila huduma ya bure ni mteja mmoja kati ya wale 10 wa siku. Tumlipe kwa till yake, na tukikopa, deni liandikwe na tarehe ya kulipa.

Afande, karibu nyumbani. Kama tayari umefungua na pesa zimechanganyika, bado kuna wakati. Leo jioni fungua taarifa ya laini yako ya mwezi uliopita, tia alama kila pesa iliyotoka dukani na kila iliyotoka kwa pensheni. Kesho asubuhi omba till ya duka. Mwezi ujao utajua kama biashara inakulisha wewe, ama wewe ndiwe unayeilisha.