Goti la mzee na ubao wa mwalimu

Mja akijaliwa umri mrefu, hapana budi viungo vyake vichakae. Hayo ni maumbile, wala hayana mjadala. Lakini katika eneo la Kaskazini Mashariki, ambako maisha ya mfugaji yamejengwa juu ya mwendo, goti linapokataa kukunjika huwa ni zaidi ya maradhi. Mzee aliyezoea kuandamana na ngamia kutoka kisima hadi kisima hugeuka kuwa mlinzi wa mlango wa nyumba yake. Mama aliyebeba maji mgongoni tangu utotoni hushindwa kuinuka alipoketi. Hata misikitini, viti vilivyopangwa kando ya safu ni ushahidi wa magoti yasiyoweza tena kusujudu.

Idadi ya wazee hao haiwezi ila kuongezeka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na zaidi ya milioni 2.7 miongoni mwao walikuwa wametimiza miaka 60 na zaidi. Gegedu linalotenganisha mifupa linaposagika, mfupa husuguana na mfupa, na maumivu hayana mchana wala usiku. Mwanzoni mazoezi, kupunguza uzani na dawa za kutuliza maumivu husaidia. Yote hayo yakishindwa, tiba iliyobaki ni upasuaji wa kuweka kiungo bandia.

Upasuaji huo si miujiza wala si jambo geni. Daktari Mwingereza John Charnley aliuweka msingi wa nyonga bandia ya kisasa, ya chuma na plastiki maalumu, katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962, kabla Kenya haijapata uhuru. Leo kiungo bandia aghalabu hudumu zaidi ya miaka 15. Upasuaji wa namna hii hufanywa nchini, hasa Nairobi na viungani mwake. Tatizo ni kwamba kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na kutoka Mandera ni yapata kilomita 1,000. Asiyeweza kutembea ndiye anayetakiwa kusafiri mbali zaidi.

Je, tufanyeje? Jibu la kwanza lililowahi kutolewa ni mitambo. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, vikiwamo vya upasuaji na vya kupiga picha, kwa ajili ya hospitali 98. Vifaa ni vyema, lakini kisu hakijipasulii chenyewe.

Jibu la pili lilikuwa wageni. Mwaka 2018 madaktari wapatao 100 waliletwa kutoka Cuba. Mnamo Aprili 2019 wawili kati yao, mmoja akiwa mpasuaji, walitekwa nyara mjini Mandera. Mwaka 2023 Kenya ilitangaza kuukomesha mkataba wenyewe. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akatekwa, na mwenyeji akabaki na maumivu yake.

Limebaki jibu la tatu, nalo ndilo gumu: mpasuaji aliyezaliwa na kulelewa papa hapa. Lakini huyo hatoki mbinguni. Hutoka katika darasa la Biolojia na Kemia, na hapo ndipo penye kidonda. Mnamo Novemba 2014 abiria 28 wa basi, wengi wao wakiwa walimu, waliuawa karibu na Mandera. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Sitawalaumu walioondoka, kwani uhai haununuliwi. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba shule isiyo na mwalimu wa Sayansi leo ni hospitali isiyo na daktari wa mifupa kesho.

Tuhesabu pamoja. Anayemaliza sekondari husomea udaktari miaka sita, hufanya utarajali mwaka mmoja, kisha husomea upasuaji wa mifupa takriban miaka mitano. Hata asipopoteza siku moja, ni miaka 12. Kila muhula unaopita bila somo la Kemia unaisogeza mbele hesabu hiyo.

Yamkini msomaji atauliza: mbona tuhangaikie magoti ya wazee ilhali akina mama wanafariki wakijifungua? Swali ni la haki. Lakini chumba safi cha upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na akiba ya damu havichagui mgonjwa. Timu inayoweza kubadilisha nyonga bila kuacha kidudu ndani ya kidonda imejengwa juu ya timu ile ile inayomwokoa mama aliyeshindwa kujifungua na kijana aliyevunjika paja barabarani. Anayeijenga timu hiyo hajamnyang'anya mama chochote.

Kwa hiyo, Garissa, Wajir na Mandera zishirikiane kujenga kituo kimoja cha mifupa katika hospitali ya rufaa ya Garissa, badala ya kila kaunti kuwa na nusu kituo. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, na vituo vya afya vimo katika matumizi yake. Hazina hiyo inafikia kikomo mwaka 2030 Bunge lisipoirefusha, kwa hivyo hakuna wakati wa kulala. Nazo fedha za basari za kaunti ziwafadhili wanaosomea udaktari, uuguzi na tiba ya viungo, kwa sharti la kurudi kuhudumu nyumbani.

Nanyi wanafunzi, hasa wasichana, msidanganywe kwamba Sayansi ni ya watu wa kwingine. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Walimu mliobaki, na mliojitolea kufundisha mkiwa wenyeji, kazi yenu haiishii kwenye karatasi ya mtihani. Huenda mnayemfundisha mifupa ya mguu leo ndiye atakayewainua siku magoti yenu yatakapochoka kusimama mbele ya ubao.