Picha za ukumbusho zisibaki Ulaya peke yake

Miaka ya 1970, katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mgeni alipoingia alikuta picha ya rangi ukutani. Haikutoka ngambo. Ilichorwa na kijana wa mtaa, mara nyingi juu ya kitambaa cha gunia la unga, na bei yake mfanyakazi wa mgodi au mwalimu aliiweza.

Mbili zilipendwa sana. Ya kwanza ni Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayeleta utajiri lakini kwa masharti makali. Ya pili ni « Colonie belge »: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, mzungu anaangalia, na wanawake waliomletea chakula wanalia.

Kwa nini baba wa jamaa atoe makuta yake ili watoto waone fimbo kila siku? Wakaaji wenyewe walikuwa na neno moja: ukumbusho. Picha nzuri kwao ilikuwa ile inayomfanya mtu akumbuke, awaze, na aanze kuzungumza na mgeni wake. Wakati wa chama kimoja, mambo ambayo hayakusemwa hadharani yaliweza kusemwa mbele ya picha.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alienda mbali zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi, pamoja na mauaji ya Lumumba ya tarehe 17 Januari 1961, na akaieleza kwa Kiswahili cha Shaba kwa mtafiti Johannes Fabian. Picha hizo, kama 100 hivi, ziko leo katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzo wa miaka ya 1980.

Ni vema zimehifadhiwa. Lakini mtoto wa Kenya au wa Katuba hawezi kulipa safari ya Amsterdam ili aone historia ya inchi yake iliyochorwa. Serikali iombe nakala bora kwa ajili ya masomo na kwa Musée national ya Lubumbashi. Na jamaa zenye picha ya zamani, hata iliyopasuka, zisiitupe: wazee wanaoweza kueleza maana yake wanapungua kila mwaka.

Ukumbusho usioonekana hauwezi kumkumbusha mtu kitu.