Tumekariri Vifo, Tumesahau Kazi

Kila ikifika tarehe 7 Aprili, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha ya Steven Kanumba. Pumzika kwa amani lejendi, pengo lako halizibiki, na kopa nyekundu za kutosha. Kesho yake tunarudi kwenye majaribio na asainmenti, biashara imeisha. Sina ugomvi na picha wala kopa. Ninachouliza, wanachuo wenzangu, ni kimoja tu: sisi tunaoposti, ni wangapi tumekaa chini mwaka huu tukatazama filamu yake moja, mwanzo hadi mwisho?

Pale hosteli mada hii ikiibuka, kila mtu ana la kusema. Wanajua alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 28 tu. Wanajua umati uliofurika viwanja vya Leaders, wanajua kesi iliyofuata na hukumu yake. Ukiwauliza filamu, wanataja Uncle JJ, halafu kimya. Dar to Lagos hakuna anayeikumbuka, wakati ile ndiyo iliyomweka msanii wetu fremu moja na watu wa Nollywood kama Mercy Johnson, enzi ambazo hapa nyumbani filamu za Kinigeria ndizo zilizotawala mabanda ya video. Yaani habari za kifo tumezikariri kama swali la mtihani, na kazi iliyomfanya ajulikane imetupotea.

Kama hali ni hiyo kwa Kanumba, fikiria wale ambao sura zao hazikuwa kwenye makasha ya CD. Mwaka 2014, ndani ya wiki tatu hivi, Bongo Movie ilifiwa mfululizo. Tarehe 17 Mei aliondoka Adam Kuambiana, mwigizaji na mwongozaji. Kabla mwezi haujaisha akafuata Rachel Haule. Mwisho wa Mei, mwongozaji George Tyson akafariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa Juni tukamzika Mzee Small. Huyo Tyson, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyeongoza Girlfriend, moja ya filamu zilizofungua njia ya hiki tunachokiita leo Bongo Movie. Ni nani anamposti? Jina lake lilikuwa likipita pale mwishoni, kwenye ile orodha inayopanda, na sisi tulishazima TV zamani.

Nayasema haya sasa kwa sababu muda hauko upande wetu. Sehemu kubwa ya filamu zile zilitoka kwa VCD na DVD. Sahani inachubuka, inashika fangasi, na laptop mpya tunazonunua hazina hata pa kuiingizia. Kinachopatikana mtandaoni mara nyingi ni vipande vilivyopandishwa na mtu asiyehusika, kichwa cha habari kimebadilishwa ili tubonyeze, mwisho umekatwa, na majina ya waliotengeneza yamekatwa pia. Bando tunalichoma sisi, na aliyepandisha ndiye anayevuna. Familia ya marehemu inabaki na picha ya ukutani.

Mwangalieni Bi Kidude kwa upande mwingine. Alifariki Aprili 2013, lakini leo mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Zanzibar anaweza kumwona akiongea, akivuta sigara, akipiga ngoma na kuimba, kwa sababu mwaka 2006 kulishatoka filamu nzima juu ya maisha yake, As Old as My Tongue, ya mwongozaji Andy Jones. Kuna mtu alibeba kamera akamfuata bibi wakati bibi yuko hai. Anayetaka kumkumbuka ana pa kuanzia.

Najua kuna mwenzangu ataniambia, "Lakini zile muvi zilikuwa mbovu bwana. Sauti inakwaruza, Part One na Part Two bila sababu." Kuna ukweli hapo, na mimi sidai kila filamu ya zamani ni dhahabu. Ila mbovu au nzuri, ile ndiyo kumbukumbu ya namna tulivyoongea, tulivyovaa na tulivyoogopa miaka ile. Msikilize King Majuto, yule mzee wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, anavyolishika neno moja la Kiswahili, analigeuza, analirudisha, mpaka unacheka kabla hajamaliza. Somo lile huwezi kulipata kwa kutazama picha yake kwenye status. Na huwezi kuikosoa kazi ambayo hukuiona.

Halafu kuna suala la pesa, ambalo tunalikwepa. Sajuki alipougua, mashabiki walichanga ili akatibiwe India. Alifariki Januari 2013. Michango ile ilikuwa ya utu na waliochanga Mungu awalipe. Lakini msanii ambaye filamu zake zinatazamwa nchi nzima hakupaswa kutegemea bakuli. Haki ya kazi haizikwi na mwenye kazi. Tukimkumbuka marehemu kwa kutazama nakala ya wizi, tunakuwa tumekwenda msibani na kuondoka na sufuria za wafiwa.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ianzishe jioni ya filamu, Ijumaa moja kila mwezi. Ukumbi upo na projekta ipo, inalala kabatini. Wanaosoma sheria watafute nani mwenye haki ya kila filamu, tuombe ruhusa, tuweke kiingilio kisichozidi bei ya chipsi kavu, na sehemu yake impelekee mwenye haki au familia. Wanaosoma sanaa na Kiswahili waandike orodha kamili ya kila filamu: mwongozaji, mwandishi, mpiga picha, aliyeshika taa. Na kwa kuwa waasisi wengi bado wapo hai, tuwaalike waje kukaa mbele yetu na kusimulia walivyofanya kazi, tuwarekodi. Simu tunazo, tena zina kamera kuliko walizotumia wao.

Wazee wetu walipanga msiba kwa hatua: kuna mazishi, kuna matanga, kuna arobaini, na watu hurudi. Sisi wa mtandaoni tunaondoka siku ileile. Turudi. Mwenye CD ya zamani kwao asiitupe, aje nayo. Na mwenye deki inayosoma bado, huyo tutamtengea kiti cha mbele.