Usibane pesa kwenye kifuniko cha mrija

Msomaji, huenda una jamaa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi na daktari amemshauri asafishwe damu kupitia tumboni badala ya mashine ya hospitali. Ni njia nzuri. Hufanyika nyumbani, na mgonjwa hapotezi siku nzima hospitalini mara mbili kwa juma.

Lakini piga hesabu kwanza. Kwa kawaida mtu mzima hubadilisha maji mara 4 kwa siku, lita 2 kila mara. Kwa mwezi hiyo ni mifuko 120, na mingi huagizwa kutoka ng'ambo. Pesa zikipungua, najua kinachofuata: mgonjwa huruka mfuko mmoja, au hutumia tena kile kifuniko kidogo cha mrija kilichotengenezwa kutumiwa mara moja tu.

Mrija ule huingia moja kwa moja tumboni. Viini vya mikononi vikipenya, utando wa ndani ya tumbo huambukizwa. Maji yanayotoka huwa na ukungu, tumbo huuma, pengine homa hupanda. Ukiyaona maji hayo usingoje kesho. Nenda hospitali na mfuko wenyewe mkononi. Kuchelewa kwaweza kumfanya mgonjwa atolewe mrija, hata afe.

Kwa maoni yangu, anayelipia maji, iwe serikali, bima au jamaa waliofanya harambee, alipie pia vifuniko, barakoa na sabuni. Nasi madaktari tuache kuwatajia watu bei ya mfuko pekee.