"Hali Nzuri"

Karatasi yangu ya kuruhusiwa hospitalini inasema: "Hali nzuri." Mshono ulikuwa umekauka, homa hakuna. Nikapanda basi Mwanza, nikapita Lamadi, nikashuka Bariadi na kipande cha utumbo kikiwa nje ya tumbo, na mifuko mitatu ya akiba.

Kwa miaka nilitibiwa amiba. Kumbe utumbo wangu mpana ulikuwa na vidonda ambavyo mwili wenyewe ulivichochea. Madaktari waliuondoa wote, wakatoa ncha ya utumbo mdogo ubavuni. Waliniokoa. Sina ugomvi na kisu chao. Ugomvi wangu ni na neno "nzuri".

Mifuko iliisha kabla ya mwezi. Nikafunga vitambaa na nailoni. Kinachotoka kwenye utumbo mdogo ni majimaji yanayomeng'enya chakula. Yakigusa ngozi, huichoma. Nikaanza kula peke yangu nyuma ya nyumba. Mama akaniuliza, "Mwanangu, tumekukosea nini?"

Msimu wa kuvuna pamba nikaanguka shambani. Utumbo mpana nao hufyonza maji na chumvi; mimi sinao. Nilikuwa nimeambiwa ninywe maji mengi, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba maji matupu yakizidi huongeza kutoka, na kwamba nilihitaji chumvi na sukari ndani yake. Nililazwa, nikatundikiwa dripu siku nne.

Wapo watakaosema ugonjwa wangu ni nadra huku. Sawa. Lakini homa ya matumbo hutoboa utumbo, na baadhi ya wanaopasuliwa kwa sababu hiyo hurudi vijijini na mfuko kama wangu, wakiwemo watoto. Wapo watakaosema mifuko ni ghali. Je, kitanda na dripu ni bure? Tunakataa kununua kinga, kisha tunalipia madhara.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi mfuko uhesabiwe kama dawa, upatikane Bariadi, Maswa na Meatu, na pawepo muuguzi anayejua kuubandika. Upasuaji usihesabiwe kufanikiwa siku mgonjwa anapotoka getini. Mfuateni miezi sita baadaye, muulize: ngozi ikoje? Unakunywa nini? Unakula na nani?

Hapo ndipo mwandike "nzuri".