DC Yupi, DC Ipi?

Hapa Lushoto na milima yote ya Usambara, ziko herufi mbili zinazotupotezea nauli na haki: DC.

Mfikirieni mkulima wa kabichi wa Lukozi anayelalamikia ushuru. Anaambiwa, "Nenda kwa DC." Anateremka mjini, anangoja kwenye benchi la Mkuu wa Wilaya, kisha anaelezwa kwa upole kwamba jambo lake ni la Halmashauri. Na Halmashauri hiyo nayo hujiandika "Lushoto DC", yaani District Council, kama vile Mkuu wa Wilaya alivyo District Commissioner. Je, mtu huyu kosa lake nini?

Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 imempa hata uwezo wa kuamuru mtu anayehatarisha amani awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Halmashauri ni chombo kingine kabisa. Imesimama juu ya Sheria namba 7 ya 1982, wajumbe wake ni madiwani, na ndiyo inayotunga sheria ndogo na kutoza ushuru wa mazao. Yule hukumweka wewe. Hawa umewaweka kwa kura yako. Ukiwachanganya, utamwomba mteule akufanyie hisani ilhali ungemdai diwani wako hesabu.

Kwetu fundo limekazwa zaidi. Wilaya ni moja, halmashauri ni mbili: Lushoto na Bumbuli. Kwa hiyo mtu wa Mponde au Vuga yuko chini ya DC wa Lushoto, lakini hayumo katika Lushoto DC!

Mwingereza alipotuletea herufi hizi zilikuwa na maana moja, kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Serikali yake ilipowalazimisha watu wa Mlalo kuchimba matuta baada ya Vita Kuu ya Pili, nao wakakataa, hapakuwa na diwani wa kuulizwa. Leo mlango wa pili upo, na ni wetu. Mbona tunaubandika jina la ule wa kwanza?

Watasema vifupisho huokoa nafasi. Kweli, na S.L.P. haijamdhuru mtu, maana haina maana mbili. Lakini ubao wa ofisi una nafasi ya kutosha maneno "Halmashauri ya Wilaya". Watendaji wa kata na vijiji, yaandikeni kwa ukamilifu katika kila tangazo. Walimu, wafundisheni watoto tofauti hii mapema.

Nawe mlipa ushuru, soma stakabadhi kabla ya kuitia mfukoni. Halmashauri iliyotajwa pale ndiyo ya kuulizwa, na wa kumwendea kwanza ni diwani wa kata yako, kabla hujakata tiketi ya basi la mjini.